Mbwa Anayekataa Kutembea: Tumvute au Tumfundishe?



Katika mkutano wa tawi letu la Butihinda, tulipokwisha kuzungumza habari za mishahara inayochelewa na makoti ya mvua yasiyofika, ndugu mmoja mzamu aliinua mkono akasema: "Mimi nina mbwa. Tajiri aliniandika kazi pamoja na mbwa wangu. Sasa mbwa hataki kutembea. Nifanye nini?"

Watu walicheka, na sisi viongozi tulicheka pia, hatuwezi kuficha. Lakini ndugu huyo alipoeleza habari yake hadi mwisho, hakuna aliyecheka tena.

Yeye analinda kituo cha kuosha kahawa. Wenzetu wa kahawa wanajua mambo yalivyo tangu mwezi wa tatu hadi wa sita: vitanda vya kuanikia vimejaa kahawa, usiku ni mrefu, na mzamu hana budi kuzunguka eneo lote mara nyingi kabla ya kupambazuka. Mbwa alinunuliwa kwa ajili hiyo. Lakini mbwa huyo hakutoka mlangoni mwa kibanda. Akifungwa kamba alijilaza chini kama gunia la saruji, na akivutwa alilia. Siku ya chanjo ya mbwa, mzamu alimfunga waya shingoni akamburuta kuelekea njia kuu, mtoto wake wa kiume akisukuma kwa nyuma. Lori lilipopiga honi, mbwa alipandwa na hofu, akageuka, akamuuma yule mtoto mkononi, akakatika na kukimbia. Basi jioni ile nyumba ilikuwa na mtoto aliyeumwa, na mbwa asiyechanjwa. Na tajiri, aliposikia, alisema kwamba kama mbwa hafai, na mwenyewe ataangaliwa kama anafaa.

Ndipo tukaona kwamba jambo hili ni la kazi na la uhai. Tuliwauliza waganga wa mifugo, tukawauliza wazee waliowahi kuwinda, tukaenda jioni kadhaa pale kituoni kutazama kwa macho yetu. Tunawaandikia yale tuliyoyapata, kwa maana wazamu wenye mbwa ni wengi, kwenye kahawa, kwenye machimbo ya dhahabu, na kwenye maghala yaliyo upande wa Kobero karibu na mpaka wa Tanzania.

Neno la kwanza ni hili: mbwa anayelala chini akikataa kutembea, mara nyingi si mkaidi wala si mvivu. Ama anaumwa, ama anaogopa. Kumpiga hakuondoi lolote katika hayo mawili. Maumivu yanaongezeka, na hofu inapata sababu mpya, yaani wewe mwenyewe.

Kwa hiyo anzeni na mwili. Mlaze mbwa mchana, mahali penye mwanga, mtazame nyayo moja baada ya nyingine. Huku kwetu funza hawaingii kwenye vidole vya watu tu, wanaingia pia kwenye nyayo za mbwa, katikati ya vidole na kando ya makucha. Mbwa mwenye funza atatembeaje? Mbwa wa ndugu yetu alikutwa na funza katika miguu miwili ya mbele, naye mwenyewe hakujua, kwa sababu hakuwahi kumwinua mguu. Tazama pia miiba, kucha zilizopinda na kuingia nyamani, na kupe masikioni na chini ya mkia. Tazama shingo: waya aliofungwa huwa umechuna ngozi, kisha mtu anashangaa kwa nini mbwa anakimbia akiona kamba. Na mwulize mwenyewe, huyu mbwa amekula nini leo? Wengi wetu tunamtupia maganda, halafu tunataka azunguke usiku kucha. Juu ya shauri hili la chakula tutarudi chini, kwa maana tajiri naye anahusika.

Ikiwa mwili ni mzima, basi ni hofu. Utaijua kwa dalili zake: mkia unaingia katikati ya miguu, masikio yanalala nyuma, mwili unashuka chini, mbwa anajilamba midomo wakati hakuna chakula, anapiga miayo wakati hana usingizi. Na dalili iliyo kubwa kuliko zote, anakataa hata chakula akipendacho. Mbwa mwenye njaa akiacha samaki mbele yake, elewa kwamba hofu imemjaa, na siku hiyo hatajifunza kitu.

Hofu hiyo inatoka wapi? Mtoto wa mbwa anaizoea dunia hasa tangu juma la tatu la maisha yake hadi juma la kumi na mbili au kumi na nne. Katika majuma hayo, aliyoyaona na kuyasikia bila kudhurika atayahesabu kuwa ya kawaida. Aliyefungiwa kibandani muda huo wote, akitolewa nje amekwisha kukua, kila kitu kwake ni kigeni: pikipiki, mwavuli, mtu aliyebeba mzigo kichwani. Na wengine walitoka vizuri, lakini watoto wakawapiga mawe njiani. Sote tumewahi kuwa watoto, tunajua nani hurusha mawe hayo.

Sasa dawa yake. Kuna mwanachuoni Mrusi, jina lake Ivan Pavlov, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya jinsi tumbo linavyosaga chakula. Alikuwa anapima mate ya mbwa. Akaona kwamba mbwa walianza kutoa mate kabla chakula hakijafika, waliposikia tu hatua za mtu aletaye chakula. Mbwa alikuwa ameunganisha mambo mawili: hatua hizi, na chakula kile. Wazee wetu wawindaji hawakumsoma Pavlov, lakini walijua jambo hilo hilo. Walimvalisha mbwa kengele shingoni alipokwenda kuwinda, na wanasimulia kwamba mzee akiigusa tu kengele ukutani, mbwa aliruka kwa furaha, kwa maana kengele ilikuwa na maana ya pori, mbio na nyama. Hakuna aliyewaburuta mbwa wale. Kazi yetu basi ni kufanya kamba na njia ziwe na maana nzuri kwa mbwa, badala ya maana ya waya na mateke.

Chakula kinachofaa ni vichwa vya ndagala vilivyokauka. Ni rahisi kupata, vina harufu kali, na vinakaa mfukoni bila kuoza. Ndugu yetu alianza hivi. Alitupa waya, akasuka kamba laini kwa vitambaa vya nguo kuukuu. Ukanda wa shingoni aliuacha wazi kiasi cha vidole viwili kupita, na fundo lake alilifunga lisiweze kukaza shingo. Siku tatu za kwanza hakutoka popote. Alimvalisha mbwa ukanda wakati wa kula, akauvua baada ya kula. Siku zilizofuata aliongeza kamba, akaiacha iburutike chini mbwa akizunguka uani, hakuishika. Wenzake wakamwuliza kama amekuwa mgonjwa wa akili. Tunaandika haya ili nanyi mjiandae kuchekwa.

Baadaye alishika kamba, lakini aliishika ikiwa imelegea. Hapa ndipo wengi hukosea. Kamba ikikaza, mbwa hukaza mwili kwa upande wake, ndivyo alivyoumbwa. Ukivuta mbele, yeye anavuta nyuma. Kwa hiyo alisimama hatua mbili nje ya mlango, akatupa kichwa cha ndagala chini, akasubiri. Mbwa alitoka, akala, akarudi mbio ndani. Akamwacha arudi. Jioni ile ilikwisha hapo. Ya pili, hatua nne. Jioni ya tano walifika kwenye kitanda cha kwanza cha kahawa, na mzamu mwenyewe ndiye aliyegeuka kurudi, kabla mbwa hajaogopa. Shikeni sana jambo hili: mrudishe nyumbani wakati bado anataka kwenda. Akirudi na hamu, kesho atakuja mlangoni mwenyewe. Akirudi na hofu, kesho utaanza upya.

Akisimama njiani akakataa, nawe simama. Usipige kelele, usimvute, usimbembeleze kwa maneno mengi. Ngoja. Sogea hatua mbili kando, si mbele, mara nyingi atakufuata. Asipokufuata, rudini, mahali hapo ni mbali mno kwa siku hiyo. Na akitaka kunusa, mwache anuse. Sisi tulidhani kunusa ni kupoteza wakati. Lakini pua ya mbwa inajua mengi kuliko macho yetu, na kunusa ndiko kunakompendeza katika matembezi yote. Zunguka naye kwanza akinusa apendavyo, kazi ya doria ataijia akiisha kuipenda njia. Tena ukweli ni kwamba mlinzi anayenusa ndiye atakayekuambia kuna mtu nyuma ya ukuta.

Shida kubwa ilibaki kwenye malori. Njia ya kwenda Kobero ina malori mengi yanayotoka na kuingia Tanzania, na mbwa huyu alikuwa na kumbukumbu ya ile honi. Hatukumpeleka karibu. Tulikaa naye mbali, kama hatua mia moja na zaidi, mahali ambapo anasikia lori lakini bado anakubali kula. Lori likisikika, kichwa cha ndagala kinaanguka. Lori likipita, vinakwisha. Mfuatano ni muhimu: sauti kwanza, chakula baadaye. Ukitanguliza chakula kisha lori likanguruma, utamfundisha kuogopa ndagala. Kila baada ya siku chache tulisogea kidogo. Siku moja pikipiki ilitokea ghafla bila taa, tukapoteza juma zima. Mambo hayo hutokea, mnarudi nyuma hatua chache na kuendelea.

Jambo jingine lililosaidia ni mbwa wa jirani, mzee mtulivu asiyejali lolote. Mbwa mwoga akitembea nyuma ya mbwa mtulivu hupata moyo. Ukiwa na mwenzako mwenye mbwa wa namna hiyo, mwombe akusindikize. Na mchana wa jua kali usimtoe. Ardhi iliyoungua inachoma nyayo zake kama inavyochoma zetu tukiwa peku. Alfajiri na jioni ndio wakati wake.

Hapa tuseme neno na ndugu zetu Waislamu, ambao Butihinda na Muyinga ni wengi. Baadhi yao walituambia: "Haya ya mbwa si yetu, mate yake ni najisi." Tunaiheshimu dini ya kila mwanachama. Lakini masheikh wenyewe wanafundisha kwamba mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa, na mahali mate yake yalipogusa panaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Na mafundisho haya tuliyoeleza hayadai mbwa akurambe. Ndagala inatupwa chini, kamba inashikwa mkononi. Mzamu Mwislamu anaweza kufanya yote hayo na kusali salama.

Sasa tuje kwenye chanjo, kwa maana hapo ndipo uhai ulipo. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikisha kumtokea mtu, karibu kila mara ni kifo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 59,000 wanakufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na katika kila mia, kama arobaini ni watoto wenye umri chini ya miaka 15. Karibu wote waliambukizwa na mbwa. Ugonjwa unazuiwa kwa kuchanja mbwa, na inatakiwa mbwa sabini katika kila mia wachanjwe, mwaka baada ya mwaka. Kisiwa cha Pemba, ambako karibu watu wote ni Waislamu, kiliuzima ugonjwa kwa chanjo mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, wakachanja tena, na 2018 ukazimwa mara ya pili. Lakini mganga wa mifugo hawezi kumchanja mbwa aliyekimbilia migombani. Wako mbwa wasiochanjwa kwa sababu tu mwenye mbwa hakuweza kumfikisha. Mbwa anayependa kamba yake anafika, anasimama, anachanjwa, anarudi.

Kuna onyo ambalo hatuwezi kuliacha. Yote tuliyosema juu ya hofu ni kwa mbwa aliyekuwa hivyo tangu zamani. Mbwa aliyekuwa akitembea vizuri, kisha kwa siku mbili au tatu akabadilika, akajificha gizani, akakataa kutoka, akashindwa kumeza, taya ikaning'inia, mate yakamtiririka, miguu ya nyuma ikalegea, au mpole akawa mkali bila sababu, huyo usimfundishe kitu. Usimguse, usimtie mkono kinywani ukidhani amekwamwa na mfupa. Zuia watoto, mwite mganga wa mifugo.

Na mtu akiumwa na mbwa, au akikwaruzwa hata kidogo, oshe kidonda mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Dakika 15 ni ndefu, hesabuni. Kisha mwende hospitali siku ile ile kutafuta chanjo. Msisubiri kuona kama ataugua, wala msiridhike na majani na unga wa jiwe jeusi. Mbwa aliyeuma, kama yu hai na anaweza kufungiwa bila hatari, atazamwe siku kumi. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na uambukizo mateni siku alipouma. Lakini mtoto asingoje siku hizo kumi ili aanze sindano. Mtoto wa ndugu yetu alioshwa na mama yake pale pale, akapelekwa, akamaliza sindano zote. Mbwa alibaki mzima. Leo mtoto yuko shuleni.

Tumesema tutarudi kwa tajiri. Ukiumwa na mbwa ukiwa kazini, hiyo ni ajali ya kazi. Mwajiri anatakiwa kuitangaza, na ajali za kazi zinashughulikiwa na INSS kwa mfanyakazi aliyeandikishwa. Mwambie mjumbe wa tawi siku hiyo hiyo, mashahidi wakiwapo. Na kuhusu mbwa mwenyewe, msimamo wetu ni huu: mbwa anayelinda mali ya tajiri alishwe na tajiri. Mzamu hawezi kugawa sahani ya watoto wake ili kahawa ya mtu mwingine isiibiwe. Pale kituoni tulizungumza na mwajiri mara tatu. Mara ya kwanza alicheka kama sisi tulivyocheka. Mara ya tatu alikubali kutoa unga na ndagala kila mwezi, na yale maneno ya kumwangalia mzamu kama anafaa akayaondoa mbele yetu.

Kazi yote ilichukua majuma sita. Ndugu mmoja aliuliza kama si afadhali kununua mbwa mwingine. Tukamjibu kwamba mbwa mwingine atatoka kibanda kile kile na kuvutwa kwa waya ule ule. Sasa mbwa huyu anazunguka vitanda vyote na mzamu wake, na jioni akiona kamba inashushwa msumarini anakuja mwenyewe mlangoni akitikisa mkia. Kwenye kidaraja cha mfereji bado anasimama kila usiku. Mzamu naye anasimama, anamngoja, halafu wanapita.

Wazamu wote wenye mbwa wampe katibu wa tawi idadi ya mbwa wao kabla ya mkutano ujao, ili tupeleke orodha kwa mganga wa mifugo wa komini mapema. Tumeomba safari hii chanjo ifanyike mbali na njia ya malori.